Sura ya Saba: Mwangwi Uliomzidi Mama Yake Sauti

Saa nane mchana Babu Shabaha alitakiwa kusimama mbele ya hakimu, na sasa ilikuwa saa tatu na robo asubuhi. Kwa hiyo Inspekta hakukaa. Alisimama mlangoni mwa mahabusu, daftari kwapani, akamtazama yule mzee aliyeketi kwenye benchi na kofia yake ya kuwindia mapajani kama mtu anayesubiri basi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, Shangazi."

Kituo kizima kilimwita hivyo, Shangazi, mbele yake na nyuma yake, kuanzia mkuu wa kituo hadi wezi wa kuku.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Jumamosi asubuhi, pale juu kwenye kichanja chako cha kuwindia mtini, ulifyatua risasi ngapi?"

"Moja."

"Kwa nani?"

"Kwa kulungu. Dume, pembe zake hivi." Mzee alinyoosha vidole viwili juu ya kofia. "Hatua mia na hamsini, chini yangu kidogo, kwenye ukingo wa majani. Nikamkosa."

"Wewe? Umkose kulungu hatua mia na hamsini?"

Babu Shabaha aliinamisha kichwa. Ilionekana wazi kwamba kumkosa yule dume kulimuuma kuliko pingu. "Macho yamekula chumvi, mwanangu. Wanasema risasi ilimpita kulungu, ikavuka bonde, ikaenda kumpata Meneja ofisini kwake. Nitabisha nini? Mimi nilifyatua, yeye akaumia, dakika ileile. Nimeshamwambia binti yangu kwamba nitakiri, mambo yaishe."

"Usikiri."

"Miaka mitatu, wamesema, nikikiri. Nisipokiri, saba."

"Babu, una miaka sabini na sita. Hiyo mitatu unaitoa wapi?" Shangazi alichomeka kalamu kwenye nywele. "Funga mdomo wako mpaka saa nane. Nitakuja mwenyewe kuufungua."

Akatoka mbio, na mwanamke wa umri wake hakuwa na ruhusa ya daktari kukimbia.

* * *

Kiwanda cha mbao kilikuwa chini bondeni, na ng'ambo yake kilima chenye msitu wa kuwindia. Ofisi ilikuwa banda la bati lenye vyumba viwili: cha mbele alikaa Karani, cha nyuma Meneja, katikati kiambaza cha mbao. Jumamosi risasi ilitoboa bati la mbele, ikapita juu ya meza ya Karani, ikatoboa kiambaza, ikamkuta Meneja kwenye kiti chake cha kila siku na kumvunja nyonga. Alikuwa hospitali, hajazinduka. Risasi ilitolewa, lakini mfupa ulikuwa umeiponda vibaya hata maabara haikuweza kusema imetoka bunduki ipi. Ilijulikana ukubwa wake tu, na bunduki za ukubwa huo wilaya nzima zilikuwa kumi na moja zenye leseni. Moja ya Babu Shabaha. Moja ya daktari wa mifugo. Moja ya Shemeji. Na kadhalika.

Huyo Shemeji ndiye aliyewapokea Shangazi na mwenzake mlangoni, mkono mmoja ukiwa na kidau cha uzi wa chaki, ule ambao maseremala huuvuta na kuuachia upige mstari kwenye ubao. Alikuwa kaka wa mke wa Meneja, na kwa sababu hiyo wapasua mbao wote arobaini walimwita Shemeji, utadhani wote wameoa kwao.

"Karibuni, karibuni! Nimewavutia uzi mpya, ule wa Jumamosi ulilegea."

Uzi ulitoka kwenye tundu la kiambaza, ukapita juu ya meza ya Karani, ukaingia kwenye tundu la bati. Ulikuwa umekaza, wa buluu, umenyooka sawasawa.

"Jumamosi pia ni wewe uliyewavutia polisi?" Shangazi aliuliza.

"Nani mwingine? Vijana wako walikuwa wanapimapima kwa macho. Nikawaambia, jamani, hii ni kazi ya seremala. Vuta uzi, chungulia, utamwona mtu wako."

"Na ulikuwa wapi risasi ilipolia?"

"Nyuma, kwenye banda la kukaushia, nahesabu mbao."

"Peke yako?"

"Mimi na mchwa."

Shangazi alicheka, akaandika: *mchwa*. Kisha akamgeukia mtu mfupi aliyekuja naye, mwenye harufu ya mafuta ya mashine na miwani miwili, mmoja puani na mwingine utosini. Huyu alikuwa fundi wa bunduki, na kwa miaka thelathini wawindaji wote walikuwa wakimletea darubini zao azilinganishe.

"Fundi, chungulia."

Fundi aliutoa uzi, akaingiza mwanzi mwembamba kwenye matundu yote mawili, akaweka jicho. Alichungulia muda mrefu mpaka Shemeji akaanza kupiga mluzi.

"Unaona nini?"

"Kichanja cha Babu."

"Si ndiyo hivyo," alisema Shemeji.

"Nakiona katikati kabisa. Naona hata gunia analokalia." Fundi alitoa jicho, akasugua pua. "Na hapo ndipo paliponikera."

"Pamekukera nini, Fundi? Uzi haudanganyi!"

"Uzi haudanganyi kwenye mbao. Risasi si ubao, Shemeji." Fundi alichukua penseli ya Karani, akaishika mlalo hewani. "Watu wanadhani risasi inakwenda kama mwanga wa tochi. Hapana. Ni jiwe lililorushwa, ila limerushwa kwa haraka sana. Ikitoka tu mtutuni inaanza kuanguka. Bunduki ya Babu nimeilinganisha mimi: mita mia na hamsini, alama ya darubini na tundu la risasi vinapeana mkono. Mia tatu, risasi imeshuka mkono mzima. Mia sita, ambayo ndiyo kutoka kule hadi hapa, imeshuka mita tatu na nusu." Penseli ilianza kuinama, ncha chini. "Kwa hiyo inafika hivi, imeinamisha pua kama mbuzi anayekunywa maji. Sasa ukiipigia mstari ulionyooka kurudi nyuma, mstari unakwenda wapi?"

Shangazi alifuata mkia wa penseli kwa kidole. "Juu."

"Juu ya aliyefyatua. Mita tano, sita juu yake. Kama ni Babu, nikichungulia hapa nione matawi ya juu ya mti, au anga. Nisione gunia."

Kalamu ya Shangazi ilisimama. "Kwa maneno mengine, kwa kuwa mstari unafika kwake barabara..."

"...haikutoka kwake."

Shemeji aliangua kicheko. "Ha! Mita tano katika mita mia sita! Jamani, si bati hili liliipinda kidogo ilipoingia? Fundi, unaweza kuapa kwamba halikuipinda?"

Fundi alivua miwani ya pua, akavaa ya utosini. "Kuapa, hapana."

"Basi."

Na ilikuwa kweli, basi. Shangazi alijua hakimu angeuliza swali hilohilo kwa sauti hiyohiyo. Saa nne na nusu. Alihitaji kitu ambacho bati haliwezi kukipinda.

* * *

Karani alikuwa mwanamke mpana, mchangamfu, ambaye tangu Jumamosi alikuwa amesimulia kisa hiki kwa kila mteja, na kila mara kiliongezeka chumvi. Shangazi alimkalisha kwenye kiti chake kilekile.

"Dada, leo sitaki kisa. Nataka vitu vyenyewe, kimoja kimoja, kama unavyohesabu mbao. Cha kwanza?"

"Cha kwanza nilikuwa nakunywa chai."

"Na msumeno?"

"Umezimwa. Mapumziko ya saa nne. Kimya, hata nzi ungemsikia akikohoa."

"Cha pili?"

"Mlio. Paa! Mbali huko, kilimani. Nikasema, huyo ni Babu Shabaha, kulungu wa watu kafa. Nikainua kikombe hivi..."

"Umekiinua. Kisha?"

"Kisha kiambaza kikatema vumbi! Puu! Chai yote kifuani. Na mwangwi ukanipasua masikio, nikaanguka na kiti."

Shangazi alifungua faili. Maelezo yaliyochukuliwa Jumamosi na Konstebo yalisema: *Shahidi alisikia mlio, risasi ikaingia, mwangwi ukafuata.* Mkononi mwa Konstebo maneno yalikuwa yamepigwa pasi mpaka mikunjo yote ikapotea, na ilikuwa mikunjo hiyo Shangazi aliyoitaka.

"Mwangwi ulifuata baada ya vumbi?"

"Pamoja. Vumbi na mwangwi, kama mapacha."

"Na mwangwi ulikuwa mdogo kuliko mlio?"

"Mdogo! Nimekwambia nilianguka na kiti! Mlio wa kwanza ulikuwa kama mtu kavunja kijiti. Mwangwi ndio uliokuwa mlio."

Kalamu ilimtoka Shangazi ikabingirika chini ya meza. Hakuiokota.

"Dada yangu, umewahi kuona mtoto anayeita kwa sauti kubwa kuliko mama aliyemwita?"

"Mtoto wangu wa tatu."

"Namzungumzia mwangwi! Mwangwi ni mtoto wa mlio. Hauwezi kumzidi mama yake."

Karani alifumba mdomo, jambo ambalo halikuwa limetokea ofisini humo kwa siku kadhaa.

"Fundi!" Shangazi alikuwa ameshafika mlangoni. "Risasi inakimbia kiasi gani?"

"Ikitoka, mita mia nane kwa sekunde."

"Na sauti?"

"Mia tatu na arobaini. Haiwezi ku..." Fundi alikatika. Miwani yote miwili ilimshuka. "Shangazi. Ooh, Shangazi!"

"Usiniambie mimi. Panda kilimani na Konstebo, nenda na bunduki ya Babu kutoka stoo ya vielelezo. Mtanipigia risasi moja kwenye rundo la magogo, lile la mwisho kule uani. Nataka watu wote wawe nyuma ya ukuta wa matofali, nataka msumeno uzimwe, na nataka Shemeji akae hapa karibu yangu ashuhudie, maana yeye ndiye mtaalamu wa mistari."

"Kwa furaha," alisema Shemeji. Alikuwa anazungusha uzi kwenye kidau chake, taratibu, mzunguko kwa mzunguko.

* * *

Kuchukua bunduki na kupanda kilima kulichukua saa moja na nusu. Saa sita na dakika ishirini simu ya Shangazi iliita.

"Tumekaa kichanjani," alisema Konstebo akihema. "Halafu, afande, kuna jambo. Nimeshuka hatua mia na hamsini mpaka kwenye ukingo wa majani. Kuna kisiki. Kisiki kina tundu, jipya, na ndani naona shaba."

Shangazi alibana simu sikioni. "Rudia."

"Risasi ya Babu imelala kwenye kisiki, afande. Nyayo za kulungu ziko ubavuni mwa kisiki; amemkosa kwa vidole vinne."

"Usiiguse! Piga picha. Kaa nayo kama yai." Alivuta pumzi. Kisiki peke yake wangesema ni risasi ya mwaka jana, ya mwindaji mwingine. Alitaka yote mawili. "Fundi ana nini?"

Sauti ya Fundi iliingia. "Nimelenga juu ya rundo, Shangazi, mita tatu na nusu hewani. Nalenga kitu ambacho hakipo, ndiyo maana nacheka. Upepo umetulia."

"Sema 'tayari', kisha ukate simu. Sitaki sauti ipite kwenye waya."

"Tayari."

Simu ikakatika. Nyuma ya ukuta wapasua mbao arobaini walibana pumzi. Karani alikuwa ameshika kikombe kitupu, kwa ajili ya usahihi, alisema.

*Tup!*

Gogo la juu lilirusha maganda. Kipande kimoja kilipaa, kikazunguka angani, kikawa kinashuka.

"Mama yangu wee, wamelipata!" Karani alipiga kelele.

*Paa.*

Kijiti kilivunjika kilimani, mbali, kwa upole, baada ya kila kitu kwisha.

Kisha Karani aliweka kikombe chini. "Sivyo," alisema. "Sivyo kabisa! Hii imekuja kinyumenyume! Siku ile mlio ulitangulia. Leo risasi imefika, nikamwita mama yangu mzima mzima, ndipo mlio ukaja!"

"Unaweza kusema hivyo mbele ya hakimu?"

"Naweza kumwimbia."

Wapasua mbao walianza kuzungumza wote kwa pamoja. Mmoja alitaka ipigwe tena. Shangazi aliinua mkono wakanyamaza, akamgeukia Shemeji, ambaye alikuwa bado anatazama rundo la magogo kana kwamba limemtukana.

"Shemeji, wewe ni mwindaji. Lakini wewe hupiga ukiwa nyuma ya bunduki, sivyo? Hujawahi kukaa upande huu."

"Nani hukaa upande huu?"

"Kulungu tu, na yeye haji kutusimulia." Alijiegemeza ukutani kama mtu mwenye siku nzima, ingawa saa yake ilisema saa sita na dakika thelathini na tano. "Bibi yangu alinilea kwa vitendawili. Nikutegee kimoja? Kitendawili!"

Wapasua mbao arobaini walijibu kwa niaba yake: "Tega!"

"Mgeni wangu huingia kwanza, hodi yake hubisha baadaye."

Minong'ono. Mtu alisema mwizi. Mtu alisema mkwe. Fundi angejua, lakini Fundi alikuwa kilimani. Karani alikuwa ameshaziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, maana jibu lilikuwa linamchoma ulimi.

"Huyo mgeni," alisema Shangazi, "aliyempiga Meneja hakumjua. Alidhani, kama watu wote wanavyodhani, kwamba bunduki hulia kwanza, kisha risasi huja. Kwa hiyo alitafuta mahali palipo kwenye mstari mmoja na kichanja cha Babu Shabaha. Alipapima vizuri, kwa sababu mistari anaiweza. Akalala, akalenga, akangoja. Msimu umefunguliwa, Babu hapitishi Jumamosi bila kufyatua, na saa nne msumeno huzimwa. Mlio wa Babu ulipofika masikioni mwake, naye akafyatua, upesi, watu wadhani ni mwangwi. Watu wakadhani. Ila alichelewa, Shemeji. Kama risasi ingekuwa ya Babu, ingekuwa imeshamvunja Meneja nyonga kabla mlio haujafika kwa mtu yeyote hapa bondeni. Ili adanganye vizuri alipaswa kufyatua *kabla* ya kusikia. Na hilo hakuna binadamu anayeliweza."

"Hadithi nzuri," alisema Shemeji. "Wawindaji kumi na mmoja wana bunduki za namna hiyo."

"Kweli. Na wangapi wanajua kiti cha Meneja kiko wapi nyuma ya bati na nyuma ya kiambaza, bila kukiona? Na wangapi walikuja na uzi mfukoni kabla polisi hawajaomba?"

"Seremala hatembei bila uzi!"

"Karani ameninong'oneza leo kwamba Ijumaa Meneja alimwambia amwandikie barua kwa watu wa misitu, kuhusu magogo ya mti uliokatazwa yaliyokutwa kwenye banda la kukaushia. Banda lako wewe na mchwa wako. Jumatatu angeisaini."

Karani alitoa mikono mdomoni. "Barua bado iko kwenye mashine yangu ya kuchapia," alisema kwa sauti ndogo.

Wapasua mbao walikuwa wamesogea. Hakuna aliyewaambia wasogee.

"Lakini mimi si mtu wa kulazimisha," Shangazi aliendelea. "Kitendawili ni kitendawili. Umeshindwa kukitegua, Shemeji?"

Shemeji alikaza uzi kwenye kidau chake.

"Basi toa mji. Unajua utaratibu. Aliyeshindwa hutoa mji, na mimi mji ninaoutaka ni mmoja tu: mahali alipolala yule mtu. Uko kwenye mstari, kati ya hapa na kilimani. Nitaupata mwenyewe, nina saa moja na zaidi. Ila ungenipa ungeniokoa magoti yangu."

Shemeji alikunja midomo. Lakini macho hayana kufuli. Yalinyanyuka, yakaruka paa la ofisi, yakatua nukta moja tu, yakarudi chini mbio.

Shangazi aligeuka kuyafuata. Mita tisini mbele ya ofisi, juu ya miguu minne ya chuma, lilisimama tangi la maji la kiwanda, na kifuniko chake bapa kilikuwa kiganja kimoja chini ya mstari wa kuelekea kichanjani. Siku tatu watu walikuwa wamechungulia juu yake wakitazama mbali.

"Nimeupokea," alisema.

Alivua viatu, akapanda ngazi, kidato kwa kidato, akimlaani daktari wake kimoyomoyo. Juu, kifuniko kilikuwa kimefunikwa na ukungu wa kijani, isipokuwa sehemu moja: umbo la mtu aliyelala kifudifudi, viwiko viwili mbele, vidole vya miguu nyuma, limekwanguliwa safi. Na katikati ya viwiko, umenyooka barabara kutoka ofisini kuelekea kilimani, ulikuwepo mstari mmoja mwembamba wa chaki. Wa buluu.

Aliuchungulia kwa muda, kisha akatoa simu.

"Mahakama? Nipe mwendesha mashtaka. Ndiyo, sasa hivi, hata kama anakula." Chini yake wapasua mbao walikuwa wamemzunguka Shemeji kama ukuta, na Karani alikuwa katikati yao anasimulia kwa mara ya kwanza kisa kisichohitaji chumvi. "Halafu mtume mtu mahabusu akamwambie Babu Shabaha mambo mawili. La kwanza, anaweza kufungua mdomo. La pili, mwambieni alimkosa yule dume kwa vidole vinne tu. Hilo la pili ndilo atakalolia nalo."